Glasi za Mistari za Kibuli

Mke wangu alikuwa mwalimu wa sayansi. Alifariki akijifungua, na mtoto akaondoka naye siku ile ile. Naanza na hilo ili lipite, maana sipendi watu wanaokuzungusha mtaa mzima kabla ya kukwambia nani amekufa.

Mimi nilikuwa dereva wa lori. Gereji yetu ilikuwa Nakawa, njia yangu Mombasa, na Kiswahili hiki ninachoandikia nilikiokota huko njiani, neno moja kila kituo. Tuliishi Kibuli, chini kidogo ya msikiti, katika ua wa mama yake. Mama mkwe wangu alikuwa Mnubi mwenye sauti ya kuamrisha gwaride. Babu yake aliletwa na jeshi la Waingereza kutoka Sudani, na nadhani sauti ile ndiyo urithi pekee aliouacha. Miaka ile wanajeshi ndio waliotawala, na huko mjini watu walidhani kila Mnubi ana jenerali mfukoni. Mama huyu hakuwa na jenerali. Alikuwa na mbuzi wawili watatu, mikeka ya kusuka, na binti mmoja tu duniani.

Akinifurahia aliniita "mwanangu." Akiudhika aliniita "dereva." Baada ya msiba nilikuwa dereva kwa muda mrefu sana.

Mke wangu alikuwa na neno moja lililotuchosha sote: "Umejuaje?" Ukimwambia mvua itanyesha, umejuaje? Ukimwambia jirani fulani ni mchawi, umejuaje? Wala hakuuliza kwa kejeli, kejeli ningeivumilia. Alitaka kujua kweli, na akishajua alikaa na furaha yake siku nzima, akipika anaimba. Sijawahi kukutana na mtu mwingine ambaye kukosolewa kulimfurahisha. Mimi ukinikosoa nafunga mlango kwa nguvu mpaka bawaba zinalia.

Mama yake ndiye aliyelichukia neno lile kupita wote. Kwa miaka binti alimwomba achemshe maji ya chemchemi ya bondeni, kwamba yana vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mama akamrudishia lile lile: "Umejuaje? Umewaona?" Na mke wangu hakuwa na cha kumwonyesha. Hadubini ya shule, kile chombo cha kukuzia vitu vidogo, ilikuwa imeharibika, na nchi haikuwa na sabuni, sembuse hadubini. Akawa anacheka, anasema, "Siku moja, mama, utawaona hao wadudu, na utaniomba msamaha." Siku hiyo hakuifikia.

Basi ikaja arobaini yake.

Kwetu Kibuli ukiwa na shughuli, harusi au msiba, hununui vyombo. Unaazima. Kila nyumba huleta vikombe vyake, na kila kikombe kina alama chini ya kitako: tone la rangi ya mlango, rangi ya kucha, mkwaruzo wa msumari. Shughuli ikiisha, wanawake huvipindua juu chini na kuvigawa bila kugombana. Hakuna aliyewahi kupoteza kikombe Kibuli. Mume, miaka ile, ungeweza kumpoteza akitafuta chumvi, kikombe hapana.

Nimekaa kwenye mkeka, khitma imekwisha, naletewa chai. Naangalia chombo ilimotiwa. Glasi pana, kioo chembamba, mdomo wake umechongoka kidogo kama wa birika, na ubavuni mistari na namba ndogo ndogo. Ebo! Naijua glasi hii. Mke wangu alikuwa nazo chache shuleni na hakuruhusu mtu hata kuzipumulia. Ni bika, chombo cha kupimia dawa za maabara. Nikainua macho. Sheikh anayo. Jirani yangu wa kushoto anayo, amechovya mkate. Mzee mmoja anaramba sukari iliyobaki chini, kidole kimefika kwenye namba.

Nilicheka. Wallahi, kwenye arobaini ya mke wangu mwenyewe, nilicheka mpaka chai ikanitokea puani, kisha kicheko kikageuka kilio na watu wakashika kazi ya kunituliza. Mama mkwe alitokeza mlangoni kwa wanawake.

"We dereva, umepagawa?"

Ngoja nieleze nilichokuwa nikikicheka. Wahindi walipofukuzwa, maduka yao yaligawiwa watu waliojuana na askari. Tuliwaita mafuta mingi, kwa jinsi walivyonawiri. Mmoja wao alipewa duka mjini lililokuwa likiuza vifaa vya maabara kwa shule. Yule bwana hakuwahi kuingia maabara maisha yake. Akafungua masanduku, akaona kioo, akasema: glasi. Bika akaziuza kama glasi za chai. Mirija mirefu ya kupimia akaiuza kama vyombo vya maua. Vibakuli vya kaure akavifanya vya kutilia majivu ya sigara. Na kwa kuwa vikombe vilikuwa vimeadimika, watu walinunua, wakashukuru. Kule Nateete alikuwepo mama mmoja muuza chai aliyepanga bei kwa mistari. Mstari wa chini bei yake, wa kati bei yake, na ukitaka mpaka juu, uwe mtu wa kipato.

Mke wangu alikuwa mjamzito alipogundua. Alikwenda dukani na tumbo lake kumsihi yule bwana avipeleke vile vyombo shuleni. Bwana akamcheka. Nyuma yake, juu ya rafu, karibu na redio, mke wangu aliiona hadubini nzima, mpya, na juu yake imening'inizwa kofia. Alirudi nyumbani akakaa kitandani bila kuvua viatu. "Mji huu maabara yake yote inanyweshwa chai," aliniambia. "Siku moja nitavikusanya vyote." Nilimjibu kwamba kwanza azae.

Ndiyo maana nilicheka.

Siku ya pili yake nikamwambia mama mkwe kwamba sadaka nitakayomtolea mke wangu ni maabara. Chumba cha wazi, mtu yeyote wa mtaa aingie, apime, aangalie, aulize. Yeye alikuwa ameshaamua ni mikeka ya msikitini, na tayari alikuwa amekata ukindu.

"Mwanangu mimi akumbukwe kwa vikombe?"

"Sheikh amesema elimu nayo ni sadaka isiyokatika, mama. Amelisema akiwa ameshika bika mkononi!"

"Watu watatucheka. Na yeye mwenyewe asingependa."

"Umejuaje?" nikasema.

Sikukusudia. Lilinitoka. Ilikuwa kama mtu wa tatu ameingia uani. Mama aliinuka, akavuta kanga yake, akaenda zake. Nikajua nimeharibu. Baadaye nikasikia vitu vinaburutwa. Nyuma ya nyumba kulikuwa na chumba nilichokijenga mwenyewe kwa ajili ya mtoto, kimepakwa chokaa, kina dirisha la kupokea jua la mchana. Tangu msiba mama alikijaza mikeka na ukindu ili asikione kitupu. Alikuwa anaitoa yote nje, mkeka mmoja mmoja, bila kuniangalia.

"Usisimame hapo kama nguzo, dereva," alisema. "Shika upande wa pili."

Kukusanya vyombo kulinifunza watu kuliko barabara ya Mombasa ilivyonifunza. Nilipita nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyekataa, lakini hakuna aliyetoa pia! Kila mmoja alisema hivi: tunakuazima. Kikombe chetu ni chetu, alama yetu iko chini, siku ya shughuli tutakuja kukichukua. Mwanzoni nilikasirika. Maabara gani hii ya kuazima? Kisha nikaona mwenye kikombe akishaazima, Jumapili, siku tuliyofungua maabara, yuko mlangoni kuangalia kikombe chake kinafanya nini. Mke wangu angeweza kuwahubiria mwaka mzima wasije. Kikombe kiliwaleta kwa wiki moja.

Vitabu vyake vilikuwepo, na maandalio yake ya masomo, yameandikwa kwa mwandiko safi kiasi kwamba hata dereva angeelewa. Tulifuata alivyoeleza. Ukutani, juu ya dirisha, niliandika kwa rangi na herufi zile tunazoandikia malori: UMEJUAJE?

Wawili ndio walioshika maabara ile kweli kweli. Wa kwanza ni yule mama wa Nateete. Alikuwa Mganda, Mkristo, mnene, na maneno yake yote alianza na "banange," yaani jamani. Alifika akiwa amekumbatia bika zake, hataki kuziachia. Nilimwonyesha jaribio moja la mke wangu: tone la ayodini, ile dawa ya kupaka vidonda, ukilidondosha kwenye kitu chenye unga, kinageuka buluu iliyoiva. Tukajaribu kwenye muhogo. Buluu. Kwenye mkate. Buluu. Akanitazama, akafungua chupa ya maziwa aliyonunua asubuhi kwa ajili ya chai yake, akamimina kidogo, akadondosha. Buluu, ndugu zangu! Muuza maziwa alikuwa akiyaongeza maji, kisha akiyatilia unga wa muhogo yapate uzito. Mama yule hakusema banange. Alifunga chupa, akaondoka, na nasikia muuza maziwa alihamia upande mwingine wa mji. Jumapili iliyofuata alirudi na bika zote. "Kaa nazo, ssebo," alisema, akiniita bwana kwa Kiganda. "Lakini mimi ndiye nitakayepika chai hapa." Tangu hapo kulikuwa na jiko la mkaa mlangoni na birika juu yake kila Jumapili.

Wa pili ni mke wa sajini wa polisi, mtu wa kaskazini, mrefu, mkimya. Watu wa kaskazini miaka ile walikuwa wakitoweka kwenye makambi, na mumewe alikuwa akilala na viatu. Mama huyu aliweza kukwambia kwa sauti tu gari gani linapanda mlima, la polisi, la jeshi, au la wale wenye miwani ya jua wasiovaa sare. Alikuja na chombo chake cha maua, ule mrija mrefu wa kupimia, na haja yake ilikuwa sabuni. Tukachuja maji ya majivu ya migomba, tukayapima kwa maji ya maua mekundu ya uani kwetu, ambayo kwa limau huwa mekundu zaidi na kwa majivu huwa ya kijani. Tukachemsha na mafuta ya ng'ombe. Mara ya kwanza ilitoka uji. Mara ya pili ilitoka kitu kilichomchubua mbuzi. Yule mama hakukata tamaa, kila mara alibadilisha kitu kimoja tu na kuacha vingine kama vilivyo, kama vile mke wangu alivyokuwa akihimiza, na mwishowe ikatoka sabuni. Nyeusi, ya kunuka, lakini ikatoa povu. Siku ile nilimwona akicheka, na nilitamani mke wangu angeiona ile sura.

Nilibaki na deni la hadubini. Nilikwenda kwa mafuta mingi nikiwa nimevaa sura ya upole, sura ambayo hainikai. Kofia bado ilikuwa inaning'inia pale pale. Nikamwambia nina tairi la lori, jipya, na wakati ule tairi lilikuwa kama bintimfalme. Alikubali upesi mno. Alinisaidia hata kuifunga kwenye gazeti, akisema taa ile haikuwaka tangu alipoipata.

Mama mkwe hakuwa akiingia maabarani. Alikuwa akisukia mikeka yake nje, karibu na mlango, mgongo umeelekea kwetu, masikio yameelekea kwetu vile vile. Jumapili hiyo niliteka maji ya chemchemi, nikaweka tone kwenye kipande cha kioo, nikageuza kile kioo kidogo cha chini mpaka kikakamata jua la dirishani. Nikamwita.

"Sioni vizuri," alisema.

"Funga jicho moja."

Aliinama. Alikaa pale muda mrefu, mkono wake mmoja umeshika meza.  Kisha nikasikia sauti yake, ndogo, ambayo sikuijua kuwa anayo.

"Wanatembea."

"Ndiyo, mama."

"Yule mmoja ana mkia." Akaangalia tena. "Nimemnywesha haya tangu utoto wake."

 Aliinua uso, akajipangusa kwa ncha ya kanga, na bila kutuaga akaenda jikoni. Tulimsikia anapuliza moto. Alichemsha maji jioni ile na kila siku baada yake, na ole wake jirani aliyenywa ya kuteka mbele yake. Aliwafuata mpaka chemchemini kuwagombeza: "Nimewaona kwa jicho hili! Wana mikia!" Tangu siku ile hadubini ilikuwa yake. Aliisafisha kwa kitambaa cha hariri cha mwanawe, akaishonea mfuko, na usiku hakuiacha kule chumbani, aliingia nayo ndani kulala. Aliniita mwanangu tena, siku nyingine mara mbili.

Kama ningekuwa mtu mpole labda yangekwishia hapo. Lakini watu wakaanza kuuleza mji kuhusu maziwa ya buluu, sukari yenye mchanga, na mafuta ya taa yenye maji. Magendo yote ya mji yalikuwa yakipitia mikononi mwa watu kama yule bwana wa duka. Alinikuta Nakawa, akashuka kwenye gari lake jeupe, akaniambia amesikia nimetajirika kwa vitu vyake, kwamba ile taa kumbe ni mashine ya thamani, na kwamba anaitaka irudi. Ningeweza kumjibu kwa adabu. Nilimwambia, mbele ya matingo wote wa malori, kwamba yeye ni mtu aliyetundika kofia kwenye elimu. Matingo walicheka. Sijuti, na ningelisema tena leo. Lakini alipoingia garini nilijua hatarudi peke yake.

Sina budi kusema niliogopa nini. Watu walichukuliwa kwa kidogo kuliko hapo. Chumba kimejaa chupa, watu wa makabila mbalimbali wanakutana kila wiki, mmoja mke wa polisi wa kaskazini: ukimwambia askari ni waragi, ile pombe kali ya kienyeji, ataamini, ukimwambia ni bomu, ataamini zaidi. Hilo niliogopa. Lakini zaidi niliogopa chumba kile kufungwa. Kaburini kwake kulikuwa kimya. Nyumbani kulikuwa kimya. Pale tu ndipo mke wangu alipokuwa bado anauliza. Wakivunja vile vyombo, nitamwambia nini mama yake, ambaye binti hana, mjukuu hana, ana hicho chombo kwenye mfuko?

Walikuja Jumapili, jua likiwa bado kali. Tulikuwa wengi, bika zimejaa maji ya maua, ya majivu, sijui nini. Mke wa sajini aliinua kichwa.

"Jipu," alisema. "Ya jeshi. Imeshapita msikiti."

Mimi niliokota rungu. Sijui nilidhani nitafanya nini nalo. Mama mkwe aliingia, akaninyang'anya kama anavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Kaa chini, dereva. Leo ni shughuli. Kila mtu achukue kikombe chake!"

Nimewahi kuona madereva wakibadilisha tairi njiani simba wakiunguruma. Hawakufikia kasi ya siku ile. Maji yalimwagwa uani, vyombo vikapinduliwa, rangi nyekundu yangu, mkwaruzo wangu, kucha yangu, kila mmoja akashika chake na kuketi mkekani. Mama wa Nateete akapita na birika lake, anamimina. Mke wa sajini alichomeka maua ya uani kwenye mrija wake. Mtu mwingine alitoa sigara akaitia majivu kwenye kibakuli. Jipu iliposimama, palikuwa na arobaini tupu, ilikosekana khitma tu. Bika niliyopewa mimi ilikuwa ya maji ya majivu, na hakuna aliyekuwa ameisuuza. Nilikunywa chai yenye ladha ya sabuni mpaka mstari wa mwisho bila kukunja uso.

Askari walikuwa watatu, na nyuma yao mafuta mingi, jasho linamtoka. Mkubwa wao alikuwa kijana mwenye macho mekundu.

"Nyinyi nafanya nini hapa?"

Ni mama mkwe aliyejibu. Alikuwa anatoka chumbani, nami nikageuka kumwangalia. Mezani hadubini haikuwepo. Mgongoni mwake, amefunga kwa kanga kama wanavyofunga watoto, alikuwa na mtoto. Miguu ya chuma ya hadubini ilituna pale panapokaa makalio ya mtoto. Kichwa kilifunikwa kwa kile kitambaa cha hariri. Alikuwa anaenda akipiga piga taratibu kwa kiganja, mwendo ule wa mama anayebembeleza.

"Tunamkumbuka mwanangu, afande," alisema. "Karibuni chai."

"Sisi naambiwa hapa kuna pikwa waragi. Na iko mashine."

Mama akamtazama usoni yule kijana, na kwa sauti ile ile ya upole ya binti yake, bila kejeli hata chembe, akamuuliza:

"Umejuaje?"

 Yule kijana akageuka kumwangalia mafuta mingi. Sote tukamwangalia mafuta mingi.

"Vyombo hivi ni vya maabara!" bwana alipiga kelele. "Ni vya kupimia! Angalieni mistari!"

"Banange, afande," mama wa Nateete akadakia, "si yeye mwenyewe aliyetuuzia, akasema ni glasi za chai? Mistari ni bei. Njoo Nateete uulize mtu yeyote. Wewe nitakutilia mpaka wa juu, bure."

"Wewe nauza hii?" askari alimuuliza bwana.

Angesema nini? Mtaa mzima ulikuwa umemshikilia ushahidi mkononi, unanywa. Mmoja wa askari aliingia chumbani, tukasikia anapekua, akatoka mikono mitupu. Alisema ukutani kumeandikwa kitu. Mkubwa wake alikwenda akasoma, akatoka, akamtazama tena mama mkwe kwa muda, na mimi nikaanza kusoma shahada kimoyomoyo.

"Mtoto yako hii," alisema, "mbona hapana lia?"

"Mjukuu wangu," mama alisema. "Amelala. Ukimwamsha, utambembeleza wewe."

Kijana alinyoosha mkono kidogo, kama anayetaka kufunua kitambaa aone uso. Mama hakurudi nyuma. Aliendelea kupiga piga. Sijui kijana yule alikumbuka nini, nyumba gani, mgongo wa nani. Mkono aliurudisha. Akapokea bika kutoka kwa mama wa Nateete, akanywa mpaka mstari wa chini, akarudisha bika kwa mikono miwili kama aliyefunzwa adabu na mtu, kisha akamwambia mafuta mingi apande jipu, wakazungumze vizuri mbele ya safari.

Tuliisikiliza ikishuka mlima. Mke wa sajini alihesabu kona kwa masikio, akasema, "Imekwenda." Hapo watu wakaanza kucheka, kulia, kukumbatiana, mama wa Nateete akaketi chini katikati ya maji ya maua.

Mimi nilimwendea mama mkwe. Alikuwa hajaacha. Alikuwa anakwenda kutoka kwenye kichaka cha maua mpaka jikoni, anageuka, anarudi, kiganja kinapiga piga, na mdomoni anavuma wimbo wa Kinubi aliokuwa akimwimbia mke wangu zamani, ambao mke wangu alikuwa ameanza kunifundisha mimi kabla hajazaa.

"Mama," nilimwambia, "wamekwenda. Nipe, ni nzito."

"Najua wamekwenda, mwanangu," alisema. "Niache kidogo."

Nikamwacha. Watu waliacha kucheka mmoja mmoja walipoona. Jua likashuka mpaka kwenye mnara wa msikiti, chai ikapoa kwenye mistari yake, na yeye bado anatembea. Hatukupima kitu tena siku ile.